Mjibu Mashtaka wa Dola: Historia ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, Ikitazamwa kutoka Kapsokwony

Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Kenya, ambayo mwaka 2023 ilitimiza miaka 60 tangu ilipokabidhiwa mwana wa nchi, imezoea kuandikiwa historia yake kutoka Nairobi, barabara ya Harambee, lilipo jengo la Sheria House. Na wanaoiandika kutoka huko aghalabu hupanga majina ya waliokalia kiti mmoja baada ya mwingine, kwa mtindo wa silsila ya masultani, kila mmoja na miaka yake na sifa zake. Makala haya yanaiandika kutoka upande mwingine wa nchi, kutoka Kapsokwony, makao ya iliyokuwa Wilaya ya Mlima Elgon, juu ya Kimilili, ambako msafiri akishuka huku hufika Bungoma na akishuka kule hufika Kitale. Na kutoka hapa silsila hiyo hubadilika sura. Watu wa mlima huu hawakumjua Mwanasheria Mkuu kwa nasaha alizowapa marais, maana nasaha hizo ni siri ya watu wawili. Walimjua kwa karatasi za mahakama, ambamo jina la cheo chake huandikwa upande wa mshtakiwa, kwa kuwa katika sheria zetu atakaye kuishtaki serikali humshtaki yeye. Kwa sababu hiyo nathubutu kusema kwamba tabia ya kweli ya ofisi hii imedhihirika zaidi katika mashauri iliyolazimishwa kuyajibu kuliko katika yale iliyoyaanzisha kwa khiari yake.

Msingi uliwekwa zama za wakoloni. Mwaka 1913 Wamasai waliohamishwa kutoka Laikipia walimshtaki Mwanasheria Mkuu wa Himaya ya Afrika Mashariki mbele ya Mahakama Kuu, Mombasa, wakidai kwamba mkataba wa mwaka 1911 ulivunja ahadi waliyopewa mwaka 1904 ya kuachiwa malisho yao daima. Walijibiwa kwamba mikataba ile ilikuwa baina ya Mfalme wa Uingereza na taifa la kigeni, na kwa hiyo mahakama za nchi hazikuwa na mamlaka ya kuitazama. Jawabu hilo lilikuwa la ustadi mkubwa na la insafu ndogo: Mmasai alikuwa raia alipotakiwa kutii amri ya kuhama, akawa mgeni alipotaka kuihoji. Majirani zetu Wakony, ambao ni tawi la Wasabaot wa mlima huu, walipoona nyanda za Trans Nzoia zimegawiwa walowezi, hawakwenda mahakamani. Walipeleka dai lao mbele ya Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter, iliyosikiliza watu mwaka 1932 na 1933, nao wakaachiwa nyika za Chepkitale, juu ya msitu, kwenye baridi ambayo mlowezi hakuitamani.

Katika wakoloni waliokalia kiti hicho mmoja anastahili kutajwa kwa jina. Eric Griffith-Jones, siku za Hali ya Hatari, alimwandikia Gavana Evelyn Baring mwezi wa Juni 1957 juu ya vipigo vilivyotumika makambini, akiweka masharti ya namna mfungwa apigwe ili jambo lionekane la halali, na kuonya kwamba ikiwa ni lazima watende dhambi basi waitende kimya. Mwanasheria asiyeuliza kama tendo ni haki, bali anayetafuta maneno ya kulivisha, ndiye urithi mbaya kuliko wote ambao ofisi hii iliupokea.

Uhuru ulipofika, Katiba iligawa nchi katika majimbo saba na eneo la Nairobi, kila jimbo na bunge lake. Fitina iliyokuwamo katika mgawanyo huo haikuhisiwa popote kwa uchungu kuliko hapa. Tume ya Mipaka ya mwaka 1962 ilikuta Wasabaot wakiomba watiwe Bonde la Ufa pamoja na jamaa zao Wakalenjin, na Wabukusu wakitaka Kitale iwe ya Magharibi. Hatimaye Trans Nzoia pamoja na Kitale ikaingia Bonde la Ufa, na Wasabaot wa Elgon wakabaki Magharibi, hata kila upande ukatoka na huzuni yake. La ajabu ni kwamba ugomvi huo ulikuwa ndani ya chama kimoja. Masinde Muliro, mwenyeji wa Kimilili, alikuwa naibu wa Ronald Ngala katika KADU, na viongozi wa Wakalenjin walikuwa KADU vilevile. Chama kilichohubiri majimbo kilishindwa kukubaliana jimbo liishie wapi. KANU, chama kilichoshika serikali, haikuyataka majimbo hata kidogo, na Mwanasheria Mkuu alikuwa mmoja tu, naye alikaa Nairobi.

Huyo alikuwa Charles Njonjo, aliyeshika wadhifa mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 43, na kuushika hadi mwaka 1980. Ndiye aliyekuwa mwanasheria wa serikali katika mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1964, KADU ilipojivunja mwezi wa Novemba na nchi ikawa jamhuri tarehe 12 Disemba. Ndiye tena mwaka 1966, ilipotungwa haraka kanuni ya kumlazimisha mbunge aliyehama chama kurudi kwa wapiga kura, kanuni iliyolengwa kwa Oginga Odinga na wenzake wa chama kipya cha KPU siku zilezile walipohama. Mabaraza yaliyosalia ya majimbo yakafutwa kabisa mwaka 1968. Hakuna hata moja katika hayo lililofanyika nje ya sheria. Yote yalifanyika kwa sheria, na hapo ndipo ilipo hoja. Mwezi wa Oktoba 1976, wanasiasa walipofanya mikutano ya kutaka Makamu wa Rais asirithi kiti Rais akifa, Njonjo alitoa tangazo la kuwakumbusha kwamba kuwaza kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Mikutano ikakoma. Walio upande wa Makamu, Daniel arap Moi, waliona kwamba sheria imesema. Waliokuwa upande wa pili waliona kwamba kundi moja la chama limepata wakili. Nadhani wote wawili walikuwa na haki.

Njonjo alijiuzulu mwaka 1980 akaingia siasa, na miaka mitatu baadaye akaangushwa kwa tuhuma za usaliti, akachunguzwa na tume ya majaji. James Karugu na Joseph Kamere walipita upesi. Wakati wa Mathew Guy Muli, mwaka 1986, Bunge lilibadili Katiba likaondoa hifadhi ya kazi ya Mwanasheria Mkuu, ili Rais aweze kumfuta apendavyo. Mawakili na makanisa walipinga, hifadhi ikarudishwa mwaka 1990. Ni nadra kuona afisi ikikatwa miguu na mwenyewe akiwa ameketi kitini.

Amos Wako, aliyeteuliwa Mei 1991 na kudumu miaka 20, hawezi kupitwa upesi. Alikuwa amekwisha kuwa mwenyekiti wa Chama cha Mawakili, na tangu mwaka 1982 alikuwa Mjumbe Maalumu wa Umoja wa Mataifa juu ya mauaji yasiyofuata sheria. Aliingia nchi ikiwa ya chama kimoja, akatoka ikiwa na Katiba mpya. Na kati ya milango hiyo miwili alishika mamlaka ya kukatiza mashtaka yoyote ya jinai kwa saini yake, bila kumweleza mtu sababu. Mwaka 2000 Mahakama Kuu, katika shauri la Crispus Karanja Njogu, ilikataa kuipokea saini hiyo kimyakimya, ikatamka kwamba mamlaka ya Mwanasheria Mkuu nayo yako chini ya Katiba, na mahakama yaweza kuyapima. Hukumu hiyo haikupigiwa vigelegele vingi, ila kwa maoni yangu ndiyo iliyoanza kuirudisha ofisi kwenye kimo cha ofisi nyingine.

Huku mlimani mambo yalikuwa yakitokota. Tangu mwaka 1971 serikali ilikuwa ikiwahamisha watu wa Chepkitale kuwapeleka kwenye makazi ya Chepyuk, na kila awamu ya ugawaji iliacha nyuma waliopewa, walionyimwa, na walionyang'anywa walichopewa awali. Awamu ya tatu ilipofikiwa, vijana waliingia msituni wakajiita Sabaot Land Defence Force, wakatoza kodi, wakakata watu masikio, wakaua. Mashirika ya haki za binadamu yalihesabu waliouawa kuwa zaidi ya 600. Siasa za vyama zilikuwa ndani ya jambo hilo tangu mwanzo. Mbunge wa wakati huo, John Serut, alikuwa upande wa serikali. Mpinzani wake wa chama cha ODM, Fred Kapondi, alikuwa mahabusu kwa shtaka la unyang'anyi wa kutumia nguvu wapiga kura walipomchagua mwezi wa Disemba 2007, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata akatoka huru. Kuna waliosema kuwa shtaka lilikuwa la kisiasa, na kuna waliosema kuwa kuachiwa ndiko kulikokuwa kwa kisiasa. Mamlaka ya mashtaka yote nchini yakiwa mkononi mwa mshauri wa serikali iliyo na chama, hakuna jawabu la mahakama ambalo lingewaridhisha hawa wala wale.

Mwezi wa Machi 2008 jeshi likaja na Operesheni Okoa Maisha. Wanaume walikusanywa kwa maelfu, wakapelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa. Wengi waliteswa, baadhi yao wakafa, na wengine hawakuonekana tena. Wycliffe Matakwei, kiongozi wa wanamgambo, aliuawa mwezi wa Mei. Washukiwa walifikishwa mahakamani Bungoma kwa mamia, wakishtakiwa kuendeleza shughuli za kivita. Askari waliotesa hawakufikishwa popote. Hapo Wako akakutana na historia yake mwenyewe. Februari 2009 alifika Philip Alston, aliyekuwa akishika wadhifa uleule wa Umoja wa Mataifa ambao Wako aliushika miaka ya nyuma, akachunguza mauaji ya polisi na ya Mlima Elgon, na alipomaliza akasema hadharani kwamba Mwanasheria Mkuu ni kielelezo cha watenda maovu kutoadhibiwa, na kwamba yampasa kujiuzulu. Wako hakujiuzulu.

Lililobaki ni kumshtaki, na waathiriwa wa mlima, kwa mkono wa shirika la Independent Medico-Legal Unit, walimshtaki nje ya nchi. Mwaka 2010 shauri lilifunguliwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, likidai kwamba wakazi zaidi ya 3,000 wa Mlima Elgon waliteswa, waliuawa au walifungwa kinyume cha sheria kati ya mwaka 2006 na 2008, na kwamba Kenya, kwa kutowachunguza wala kuwaadhibu wahusika, ilivunja Mkataba wa Jumuiya. Mwanasheria Mkuu alipinga: mahakama hiyo haina mamlaka juu ya haki za binadamu, na muda wa kushtaki umepita. Tarehe 29 Juni 2011 majaji wakamkatalia yote mawili, wakisema kwamba hawawezi kukimbia kazi yao ya kufasiri Mkataba eti kwa sababu ndani ya shauri mna madai ya haki za binadamu, na kwamba kuendelea kutotenda ni kosa linaloendelea. Serikali ikakata rufani. Tarehe 15 Machi 2012 Kitengo cha Rufani kikaamua kwamba Mkataba unampa mdai miezi miwili tu tangu tendo lilipofanyika au lilipojulikana, wala mahakama haina ruhusa ya kuuongeza muda huo. Shauri likafa bila shahidi hata mmoja wa mlimani kusikilizwa.

Miezi miwili! Mtu aliyevunjwa mbavu huko Kapkota hamalizi matibabu katika muda huo, sembuse kumtafuta wakili wa kumfikisha Arusha. Ila msomaji ataka kujua sharti hilo lilitoka wapi, na hapa ndipo mizozo ya vyama inapoingia kwa mlango ambao wengi hawakuuona. Katika Mkataba wa mwanzo halikuwamo. Mwaka 2006 Kenya iliteua wawakilishi wake katika Bunge la Afrika Mashariki kwa njia ambayo upinzani uliiona ni ya kupendelea. Profesa Peter Anyang' Nyong'o, Joseph Kamotho na wenzao wakamshtaki Mwanasheria Mkuu wa Kenya huko Arusha, na tarehe 27 Novemba mahakama ikazuia wateule hao wasitambuliwe mpaka shauri liamuliwe. Mnamo mwezi uliofuata, marais waliubadili Mkataba: wakaweka njia mpya za kumwondoa jaji, wakaunda Kitengo cha Rufani, na wakatia sharti la miezi miwili. Mwezi wa Machi 2007 Nyong'o na wenzake walishinda, lakini ushindi wao ulikuwa umekwisha kulipiwa. Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki kilipoyapinga mabadiliko hayo, mahakama ilikiri mwaka 2008 kwamba wananchi hawakushirikishwa kama ilivyostahiki, lakini haikuyabatilisha. Kwa hiyo sharti lililowafungia mlango watu wa Elgon, na kitengo kilichotamka kwamba mlango umefungwa, vyote viwili vilizaliwa na ugomvi wa wanasiasa wa Nairobi juu ya viti tisa vya bunge la Arusha. Wanasiasa wale walipata walichokitaka.

Katiba ya mwaka 2010 iliigawa ofisi. Mashtaka ya jinai yalikabidhiwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye hapokei amri ya mtu, na Mwanasheria Mkuu akabakia mshauri na wakili wa serikali katika madai. Githu Muigai, aliyepata kuwa jaji wa Mahakama ya Afrika, ndiye wa kwanza kuishika ofisi hiyo iliyopunguzwa. Na mara akajikuta katikati ya mabishano ya aina mpya, maana serikali sasa zilikuwa 48. Mwaka 2013 Spika wa Seneti alikwenda Mahakama ya Juu kutaka ushauri juu ya Mswada wa Mgawanyo wa Mapato, na mwaka 2019 Baraza la Magavana lilikwenda hukohuko kwa habari ya mapato yaleyale, Mwanasheria Mkuu akiwa mjibu mashtaka. Kisha ikaja Sheria ya Afisi ya Mwanasheria wa Kaunti ya mwaka 2020, ambayo kwayo kila gavana huteua mwanasheria wake kwa idhini ya bunge la kaunti. Jambo ambalo majimbo ya mwaka 1963 hayakuliona, kaunti zimelipata.

Kuna wanaohofu kwamba tutafika walikofika Wamarekani. Huko majimbo 43 kati ya 50 huwachagua wanasheria wakuu wao kwa kura, wakisimama kwa tiketi za vyama. Zamani walijua kuungana bila kuulizana chama: mwaka 1998 majimbo 46 yaliyabana makampuni makubwa ya tumbaku yakubali kulipa gharama za maradhi. Tangu hapo vyama viwili vimeunda kila kimoja jumuiya yake ya wanasheria wakuu, na leo Rais wa chama hiki hatoi amri kubwa bila kushtakiwa na majimbo ya chama kile. Texas ikawaongoza wenzake dhidi ya Obama, California ikawaongoza wengine dhidi ya Trump. Mimi sioni hatari hiyo kwetu, walau kwa sasa. Mwanasheria wa kaunti huteuliwa na gavana, hachaguliwi, na magavana wetu huenda mahakamani pamoja, wa serikali na wa upinzani, kwa kuwa wote wana njaa moja ya fedha. Hatari yetu ni ile iliyomfika Othman Masoud Othman. Zanzibar ina Mwanasheria Mkuu wake, mbali na wa Muungano. Huyo, katika Bunge Maalumu la Katiba huko Dodoma mwaka 2014, alipiga kura ya hapana kwa baadhi ya vifungu ambavyo aliona vinaidhuru Zanzibar, na kabla mwezi wa Oktoba haujaisha alikuwa amekwisha kufutwa kazi. Mwaka 2021 alirudi serikalini akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais, kwa chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo.

Nairobi nako hakukosi visa. Justin Muturi, kiongozi wa chama kimojawapo cha muungano ulioshinda mwaka 2022, alipewa uanasheria mkuu kuwa sehemu ya mapatano ya vyama, jambo ambalo halikufichwa. Mwezi wa Juni 2024, siku za maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, mwanawe alitekwa na watu waliojifunika nyuso. Na kwa maelezo ya Muturi mwenyewe, aliyoyatoa hadharani mwaka uliofuata akiwa waziri, mshauri mkuu wa sheria wa serikali hakupata msaada wa sheria yoyote, ikambidi aende kwa Rais apige simu. Machi 2025 aliondolewa barazani. Dorcas Oduor, mwendesha mashtaka wa miaka mingi, alikuwa amekwisha kushika mahali pake mwezi wa Agosti 2024, mwanamke wa kwanza katika historia ya ofisi hiyo. Wako naye alikwenda kuwa seneta wa kwanza wa Busia, jirani zetu, akakaa vipindi viwili. Na mwaka 2022 kiti chake kikachukuliwa na Okiya Omtatah, raia ambaye hajulikani kwa jambo lolote zaidi ya kumshtaki Mwanasheria Mkuu.

Huku mlimani shauri lililodumu kuliko yote ni la Chepkitale. Mwaka 2000 nyika zile, ambazo tume ya Carter iliwaachia wenyewe, zilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na waliozikalia wakawa wavamizi kwa tangazo la gazeti la serikali. Watu hao wa Chepkitale, yaani Waogiek wa Mlima Elgon, waliishtaki serikali, wakasubiri miaka, na mwezi wa Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ikatamka kwamba kugeuzwa kwa Chepkitale kuwa hifadhi kulikuwa kinyume cha Katiba, na kwamba ardhi ile ni ya jamii. Hukumu ya namna hii haijitekelezi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yataka jamii isajiliwe, mipaka ipimwe, pingamizi zisikilizwe, ndipo hati itolewe; kila hatua ina ofisi yake ya serikali inayoweza kuikawiza, na anayepaswa kuiambia ofisi hiyo kwamba hukumu ya mahakama ni amri, si maoni, ni wakili wake, yaani Mwanasheria Mkuu.